Kubadilisha Springi Zilizochoka za Land Rover ya Zamani: Mwongozo Kamili kwa Wenye Magari wa Tanga

Land Rover za Series, zilizotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1948 hadi 1985, bado zinafanya kazi Tanga. Utazikuta kwenye mashamba ya mkonge, kwenye barabara ya Pangani, na katika mpando wa kutoka Muheza kwenda Amani, ambao wakati wa masika humtoa jasho hata dereva mzoefu. Bodi yake ni ya aloi ya alumini, iliyochaguliwa kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwa hiyo inastahimili hewa ya chumvi kuliko bodi za magari mengi. Chini ya bodi hiyo hali ni nyingine. Chasi ni ya chuma, ekseli ni za chuma, na kila gurudumu limebebwa na springi ya majani, yaani vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambayo kwa miaka arobaini au zaidi imekuwa ikipinda na kunyooka bila kupumzika.

Mwongozo huu unahusu springi hizo za majani, kwa gari fupi la inchi 88 na kwa gari refu la inchi 109, kipimo cha kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mwenye Land Rover za baadaye, yaani One Ten iliyoanza kutoka mwaka 1983 au Ninety iliyoanza kutoka mwaka 1984, ana springi za koili, na kazi yake ni tofauti na hii.

Ninaanza na msimamo wangu, kwa sababu yote yatakayofuata yanautegemea. Springi iliyochoka huondolewa na kuwekwa nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lile lile, na hubadilishwa pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Haiongezewi jani la lori, wala haipelekwi kwa mhunzi ikapashwe moto na kukunjwa upya.

Kwa nini kuongeza jani si dawa

Mwenye gari lililolala upande mmoja akifika gereji, jambo la kwanza atakaloambiwa mara nyingi ni, "Mzee, tukuwekee jani moja tu, litasimama." Na kweli gari husimama. Tatizo ni kile kinachotokea baada ya hapo.

Majani ya springi yamepangwa ili yafanye kazi kwa pamoja. Kila jani hubeba sehemu yake ya mzigo, na yanaposuguana hupunguza mtikisiko. Ugumu wa jani hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake, kwa hiyo jani la milimita 10 lenye upana na urefu ule ule ni gumu zaidi ya mara nne na nusu kuliko jani la milimita 6. Ukilichomeka jani nene la lori katikati ya majani membamba ya Land Rover, hilo moja litabeba karibu mzigo wote huku mengine yakilifuata tu. Abiria atatikiswa hadi mifupa, lakini anayeumia zaidi ni chasi. Kishindo ambacho springi ilipaswa kukimeza hupelekwa kwenye vishikio vya springi, na chuma kilichokwisha kuliwa na kutu kwa ndani hupasuka hapo. Gari linaloletwa na ufa kwenye kishikio cha springi ya nyuma, mara nyingi ukilichungulia utaona jani moja lisilofanana na wenzake.

Kukunja kwa moto nako kuna hasara yake. Chuma cha springi kimepitia hatua tatu kiwandani: kimepashwa moto, kimepozwa ghafla, kisha kimepashwa tena kwa kiasi kilichopimwa ili kipate ugumu bila kuwa cha kukatika. Mhunzi akikiingiza motoni hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe chenyewe, ugumu ule hupotea. Umbo linarudi kwa muda tu, kisha springi hunyooka tena, pengine haraka kuliko mwanzo.

Kupima kabla ya kuamua

Gari linaweza kulala upande kwa sababu ambazo hazina uhusiano na springi. Tairi moja linaweza kuwa na upepo mdogo, bodi inaweza kuwa imepinda kutokana na ajali ya zamani, au boliti ya shakoli, kiungo kinachounganisha ncha moja ya springi na chasi, inaweza kuwa imeshika kutu hivi kwamba springi haiwezi kurudi mahali pake. Kwa hiyo pima kwanza.

Egesha gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, toa mizigo yote, na ujaze matairi yote ya ekseli moja upepo unaolingana. Sukuma gari mbele na nyuma hatua chache, kisha litikise kila pembe ili springi zitulie. Chukua futi kamba na upime kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chasi, mahali pale pale kwa kila upande, karibu na mpira wa kuzuia ekseli isigonge chasi. Kipimo hiki ni bora kuliko kile cha kutoka ukingo wa bodi, maana bodi inaweza kudanganya. Andika namba kwa chaki kwenye tairi la upande husika. Mimi huanza kutilia shaka springi pale tofauti ya pande mbili inapozidi milimita 20, lakini hata bila tofauti, nafasi ikiwa ndogo pande zote mbili na gari likigonga mipira yake kwenye kila shimo dogo, springi zote mbili zimechoka kwa pamoja.

Kuna mkanganyiko mmoja unaowapotosha wengi. Springi ya nyuma kulia ikichoka, gari zima huinama, na mwenyewe huweza kudhani kwamba kasoro iko mbele. Ili kutenganisha, weka jeki katikati kabisa ya upande wa mbele wa chasi na uinue kidogo kidogo mpaka springi za mbele zipoteze mzigo, huku magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa kabari. Sasa gari limekaa juu ya nukta moja mbele, na kilichobaki kuamua mlalo wake ni springi za nyuma peke yake. Likibaki limeinama, kasoro iko nyuma. Rudia kinyume chake kwa upande wa pili. Usiingie uvunguni wakati wa kipimo hiki. Kutazama kwa mbali kunatosha.

Baada ya vipimo, piga mswaki wa waya kwenye springi na utazame majani moja moja. Jani lililovunjika huwa limekatika karibu na katikati, chini ya yuboliti (boliti yenye umbo la U inayofunga springi kwenye ekseli) au pembeni yake kidogo, na mara nyingine ufa hujificha chini ya tope hata ukaitwa mkwaruzo. Mstari mwembamba wa vumbi jekundu unaotoka mahali pamoja, huku pengine pote pakiwa na kutu ya kahawia iliyokauka, ni dalili kwamba vipande viwili vinasuguana. Tazama pia macho ya springi, yaani matundu ya nchani mwake: bushi (mpira wenye bomba la chuma ndani) iliyokufa huonyesha mpira uliochomoza upande mmoja, na bomba lake la ndani halikai tena katikati.

Kununua springi iliyo sahihi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, hasa mtu anapoagiza kwa simu kutoka Gerezani, Dar es Salaam, akasema tu "springi za Land Rover". Taja kama gari ni la inchi 88 au 109, kama injini ni ya petroli au ya dizeli, na kama unataka za mbele au za nyuma. Injini ya dizeli ni nzito zaidi, na springi zake za mbele hutofautiana na zile za petroli.

Jambo ambalo hata mafundi wa miaka mingi hulisahau ni kwamba springi ya upande wa dereva si sawa na ya upande wa abiria. Ya dereva ina upinde mkubwa kidogo, kwa sababu upande huo hubeba uzito zaidi. Huku kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo yenye upinde mkubwa huenda kulia. Zikipishana, gari jipya kabisa kwa springi litalala kushoto au kulia tangu siku ya kwanza, na mwenyewe atalaumu kiwanda.

Zikifika, zilaze chini sambamba na zile ulizotoa, au na vipimo ulivyochukua. Upana wa majani ni inchi mbili na nusu. Pima umbali kutoka boliti ya katikati hadi kila jicho, kwa sababu springi nyingi hazigawanyiki sawasawa, na ukizifunga kinyume ekseli itasogea mbele au nyuma ya mahali pake.

Zipo pia springi za parabola, zenye majani machache, kila jani likiwa nene katikati na jembamba kuelekea miishoni, na ambazo majani yake hayagusani isipokuwa katikati na nchani. Ni laini sana barabarani. Kwa kuwa hazina msuguano wa majani mengi, hutegemea shokapu nzuri, na mtu anayeziweka huku akibakiza shokapu zilizokufa atapata gari linaloyumba. Kwa gari la familia linalokwenda Lushoto na kurudi ninazikubali. Kwa gari linalobeba magunia na mabomba ya maji kila siku ningebaki na springi za kawaida za majani mengi.

Pamoja na springi nunua bushi mpya, za springi na za chasi, yuboliti mpya na nati zake, na boliti mpya za shakoli. Usirudie yuboliti za zamani. Zimekwisha vutika, nyuzi zake zimeliwa na chumvi, na hizo ndizo zinazoshikilia ekseli isitoke chini ya gari.

Vifaa na usalama

Unahitaji jeki mbili, stendi mbili imara za chuma, seti ya soketi na bomba la kuongezea nguvu, nyundo nzito, tindo, mtaimbo, msumeno wa chuma au grainda, mswaki wa waya, jiliwa, na boliti ndefu yenye washa nene kwa ajili ya kuvutia bushi. Mafuta ya kulegeza kutu yanunuliwe mapema, kwa sababu kazi yake huanza siku tatu au nne kabla ya kazi yenyewe: kila asubuhi na jioni unanyunyizia nati za yuboliti, boliti za shakoli na boliti za shokapu. Katika mji wa pwani hatua hii huamua kama kazi itachukua siku moja au wiki.

Usisimamishe gari juu ya tofali za saruji. Tofali hupasuka bila kutoa ishara, na aliyelala chini hapati nafasi ya kutoka. Kama huna stendi, tumia magogo mapana ya mti mgumu yaliyokatwa sawa. Vipande vya msaji vinavyopatikana Muheza, karibu na shamba la misaji la Longuza, vinafaa sana. Jeki ni ya kuinulia tu. Hakuna anayeingia uvunguni gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota spana.

Kuna hatari nyingine iliyo ya Land Rover hizi hasa. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya gia boksi, kwenye mzunguko wa propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, difu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya ekseli, huliruhusu hilo lililo hewani lizunguke, na gari linaweza kuondoka ingawa umevuta breki hadi mwisho. Kwa hiyo weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, uingize gari kwenye gia nzito ya magurudumu manne, na usiiamini breki ya mkono kwa lolote.

Kutoa springi ya zamani

Fanya upande mmoja hadi uishe ndipo uende upande wa pili. Springi ya upande wa pili ikiwa bado imefungwa, ekseli hubaki mahali pake na kazi ya kuirudisha huwa nyepesi. Ukizifungua zote mbili kwa pamoja, ekseli nzima huwa huru kuzunguka na kuteleza, na utahitaji watu wanne kuipatia.

Gari likiwa bado chini, legeza kidogo nati za gurudumu na nati za yuboliti, kwa sababu uzito wa gari hulifanya litulie unapovuta spana kwa nguvu. Kisha inua chasi, wala si ekseli, na uweke stendi chini ya chasi. Kwa springi ya nyuma, stendi ikae mbele kidogo ya kishikio cha mbele cha springi. Toa gurudumu. Ingiza jeki ya pili chini ya ekseli na uipandishe mpaka iguse tu, ili ekseli isining'inie.

Fungua mguu wa chini wa shokapu. Kabla hujashusha chochote, angalia hozi ya breki. Nyuma kuna hozi moja katikati inayohudumia ekseli nzima, na mbele kila gurudumu lina yake. Ekseli ikishuka kupita kiasi, hozi ndiyo itakayobeba uzito, na hozi iliyovutwa inaweza kuharibika kwa ndani bila kuonyesha kitu nje. Ukiona imeanza kunyooka, simama hapo hapo.

Sasa toa yuboliti. Kama nati haifunguki baada ya kulowekwa, usipoteze asubuhi yako. Kata kwa grainda, maana unafunga mpya. Bamba la chini likidondoka, liweke kando na alama ya upande wake. Shusha jeki ya ekseli kidogo ili springi ipate nafasi, au inyanyue kidogo, kulingana na gari lako linavyovuta.

Boliti za shakoli ndizo zenye ubishi. Katika Series, boliti ya shakoli haipiti tu kwenye tundu. Bamba moja la shakoli lina nyuzi, na boliti imesokotwa humo kisha ikafungwa kwa nati nje. Asiyejua hili hutoa nati na kuanza kupiga boliti kwa nyundo, na matokeo yake ni nyuzi zilizoharibika na shakoli isiyofaa tena. Toa nati, kisha zungusha boliti yenyewe kwa spana mpaka itoke.

Mara nyingi haitatoka. Boliti imeganda ndani ya bomba la bushi, na unapoizungusha, bomba linazunguka nayo huku mpira ukijipinda na kuirudisha nyuma kama uliivuta bure. Dalili yake ni hiyo: boliti inakwenda robo mzunguko, unaachia spana, inarudi. Hapo njia safi ni kukata. Pitisha msumeno au diski nyembamba ya grainda katikati ya jicho la springi na bamba la shakoli, pande zote mbili, na springi itatoka pamoja na kipande cha boliti ndani yake. Wengine hutumia gesi kuunguza mpira. Siipendi njia hiyo chini ya Land Rover: kwenye gari fupi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele kulia, gari refu la abiria lina tangi lake nyuma, na moshi wa mpira ukivutwa uvunguni ni sumu. Hata unapotumia grainda, funika tangi kwa gunia lililoloweshwa maji, weka ndoo ya mchanga karibu, na mtu wa pili asimame akitazama cheche zinakoelekea.

Bushi za chasi na hali ya chasi

Upande mmoja wa springi hufungwa kwenye chasi kupitia bushi iliyopigwa ndani ya bomba la chasi. Bushi hii ina ganda la chuma nje, mpira katikati na bomba dogo la chuma ndani, na chumvi hulipenda ganda hilo la nje. Toboa mpira kwa keekee mara kadhaa kuzunguka, toa bomba la ndani pamoja na mabaki ya mpira, kisha ingiza jino la msumeno na ukate ganda kwa urefu wake. Kata taratibu, na usimame mara tu unapoona umelimaliza ganda, ili usiikate chasi. Ukiisha kuwa na mkato mmoja, tindo nyembamba italikunja ganda kuelekea ndani, nalo litatoka kwa nyundo.

Kabla ya kuingiza bushi mpya, kagua chasi. Igonge kwa nyundo ndogo kuzunguka vishikio. Chuma kizima hulia, na kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga unga wa kutu kutoka ndani. Ukipata mahali pameoza, hiyo ni kazi ya kuchomelea inayotangulia springi. Kuifunga springi mpya, yenye nguvu kamili, kwenye kishikio kilichooza ni kuliharakisha gari kuvunjika.

Safisha ndani ya bomba la chasi kwa msasa, paka grisi nyembamba kwenye ganda la nje la bushi mpya tu, na uivute ndani kwa boliti ndefu: upande mmoja washa kubwa inayokaa juu ya ganda la nje, upande wa pili kipande cha bomba chenye tundu linaloweza kuipokea bushi. Ukikaza nati, bushi inaingia polepole na ikiwa imenyooka. Nguvu yote iende kwenye ganda la nje. Ukisukuma bomba la ndani, mpira utachanika na bushi itakuwa imekufa kabla gari halijatembea. Bushi za macho ya springi huingizwa kwa njia hiyo hiyo, au kwa jiliwa kubwa.

Kufunga springi mpya

Paka grisi yenye grafaiti kwenye ncha za majani, kiasi kidogo tu. Grisi nyingi hushika mchanga, na mchanga wa pwani uliochanganyika na grisi hula chuma kwa kasi. Zuia mafuta yasifike kwenye mpira wa bushi.

Inua springi na uanze na upande usio na shakoli. Pitisha boliti mpya iliyopakwa grisi, weka nati, na uikaze kwa mkono tu. Fuata na shakoli: boliti isokotwe kwenye bamba lenye nyuzi, nati iwekwe, nayo pia kwa mkono. Hatua hii ya kutokaza inawashinda wengi kwa sababu inaonekana kama uzembe, na nitaieleza sababu yake muda si mrefu.

Sogeza ekseli kwa jeki na mtaimbo mpaka kichwa cha boliti ya katikati kiingie ndani ya tundu lake kwenye kikalio cha ekseli. Usikisie, tia kidole pembeni uhisi kwamba springi imekaa bapa kwenye kikalio bila mwanya. Kichwa hicho ndicho kinachozuia ekseli kusogea mbele na nyuma, na kikikaa pembeni ya tundu, yuboliti zitakazwa, kila kitu kitaonekana sawa, kisha siku ya breki ya ghafla ekseli itaruka mahali pake na gari litakwenda upande.

Weka yuboliti mpya, rudisha bamba la chini, na ukaze nati nne kwa mpishano, kidogo hapa na kidogo kule, ukihakikisha kwamba nyuzi zinazochomoza chini zinalingana kwa kila mguu wa yuboliti. Malizia kwa kipimo cha nguvu kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Funga shokapu, rudisha gurudumu, ondoa stendi, na ushushe gari chini. Kisha rudia kazi yote upande wa pili.

Kukaza gari likiwa limesimama kwa miguu yake

Bushi za gari hili hazizunguki juu ya boliti. Boliti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa na kushikwa imara, na springi inapocheza, ni mpira wenyewe unaojipinda huku na huku. Ukikaza boliti wakati gari liko hewani na springi imejikunja kwa upinde wake wote, mpira hushikwa katika hali hiyo. Gari likishuka, springi inanyooka kidogo, na mpira unajikuta umepinda hata gari likiwa limeegeshwa. Unaishi umepinda usiku na mchana, na kila shimo linaupinda zaidi. Bushi ya namna hiyo hupasuka mapema sana, na gari husimama juu kuliko linavyostahili, hivi kwamba mwenyewe hudhani springi ni ngumu mno.

Kwa hiyo gari likiwa chini, sukuma mbele na nyuma mita chache, litikise kila pembe mara kadhaa, weka uzito wa kawaida ndani, na ndipo ulale chini ya gari lililosimama kwa magurudumu yake manne na ukaze boliti zote za vishikio na za shakoli. Nafasi ni finyu na spana huzunguka kidogo kidogo, lakini Land Rover iko juu ya kutosha kwa mtu kulala chali kwenye mkeka na kufanya kazi hiyo bila kuinua chochote.

Baada ya kazi

Pima tena kutoka ekseli hadi chasi na uandike namba mpya. Gari litakuwa juu kuliko ulivyozoea, na springi mpya zitashuka kidogo zinapozoea mzigo, kwa hiyo usishtuke wala usirudishe springi dukani wiki ya kwanza. Hakikisha hozi za breki hazivutwi gurudumu linaposhuka hadi mwisho, na kwamba shokapu hazifiki mwisho wa urefu wake. Kama umebadilisha springi za mbele, zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho, ukitazama kama kuna kitu kinachogusana.

Endesha pole katika mji kwanza, pale Ngamiani na kuelekea Raskazone, ukisikiliza. Mlio wa kukwaruza wakati wa kona mara nyingi ni majani mapya yanayosuguana na utapungua. Mlio mmoja mzito wa kugonga wakati wa kukanyaga breki au kuachia klachi ni jambo jingine kabisa: rudi nyumbani na uangalie yuboliti.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, kaza tena nati za yuboliti. Rangi iliyo kati ya springi, kikalio na bamba husagika, majani hukaribiana, na nati iliyokuwa imekaza siku ya kwanza huwa imelegea bila kuzunguka hata kidogo. Rudia tena baada ya mwezi. Rekebisha pia taa za mbele, hasa kama umebadilisha springi za nyuma, maana taa zilizorekebishwa wakati nyuma imelala sasa zitamulika chini mno.

Gari likitoka ufukweni au likipita maji ya chumvi, lioshe uvunguni kwa maji baridi yasiyo ya chumvi siku hiyo hiyo, ukielekeza maji kwenye shakoli, katikati ya majani, na nyuma ya vishikio vya chasi mahali mchanga unapojikusanya. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika ya mwezi Machi kuanza, toa boliti za shakoli moja moja gari likiwa limeegemezwa vizuri, zipake grisi upya, na uzirudishe kwa utaratibu ule ule: kwa mkono kwanza, kisha kukaza gari likiwa chini.